Uzio wa Kona ya Kaskazini

Anayesema wivu ni ugonjwa wa wanawake hajawahi kumwona mwenzake akikabidhiwa nyundo iliyokuwa yake. Mimi nimeona. Na kibaya zaidi, mtu huyo nilimleta mwenyewe, nikamfungulia na lango.

Naitwa Fanuel. Mwaka wa 1973 nilikuwa nimekwisha kukaa Birmingham miaka minane. Nilikuwa na mke muuguzi, binti anayenielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kiwandani Nechells, kukata mabomba, na hiyo sina la kuisifia. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitembee kifua mbele. Kila Jumamosi, kuanzia Machi hadi Oktoba, nilikuwa mtu wa uzio kwenye uwanja wa mbio za pikipiki.

Kama hujawahi kuziona mbio zile, nitakueleza kwa ufupi. Vijana wanne, pikipiki nne zisizo na breki, mizunguko minne kwenye njia ya kifusi chekundu. Wanazunguka kwa kushoto tu, siku zote kwa kushoto, na kwenye kona hawapindi kama watu wenye akili timamu. Wanaburuza mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma na kuiacha pikipiki iteleze kwa ubavu. Anayezidiwa huenda moja kwa moja kwenye uzio, ambao ni mbao hadi kimo cha kiuno na waya juu yake. Uzio mzuri humpokea aliyeanguka, ukamtelezesha kandokando mpaka kasi imwishie, akainuka, akajipangusa, akatukana. Uzio mbaya humkamata. Tofauti ya hayo mawili iko mikononi mwa fundi, na fundi nilikuwa mimi.

Mke wangu Truphosa alikuwa akifanya kazi wodi ya mifupa, hospitali ya ajali ya mjini. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa na mkaguzi wake nyumbani. Jumamosi ikipita bila mgeni kutoka uwanjani, Jumatatu jioni aliniambia, "Baba Charity, wiki hii umenipumzisha." Hakuna mshahara uliowahi kunifurahisha kama maneno hayo.

Sasa Harbhajan.

Harbhajan Singh alikuwa fundi wa mbao katika karakana ya reli kule Kisumu, na mimi nilikuwa mtu wa kumbebea mbao. Miaka mitano nilimbebea. Hakunitukana hata mara moja, na hilo nalo lilinikera, maana bosi anayekutukana unaweza kumchukia kwa raha. Lakini randa yake hakuniruhusu kuigusa ila kuifuta vumbi. Ufundi nilikuja kujifunza huku Uingereza, shule ya jioni, kwa mwalimu ambaye hakuweza kulitamka jina langu. Kisumu nilijifunza kushika upande wa pili wa ubao.

Novemba ile nilimkuta katika duka la Chhotubhai, mtaa wa Alum Rock, ameshika mfuko wa dengu. Ndevu zimekuwa nyeupe. Aliponiona aliutupa mfuko juu ya kaunta akanikumbatia mbele ya wateja.

"Fanuel! Wewe iko hapa? Mimi nafikiri wewe iko Kisumu!"

"Niko hapa siku nyingi, Fundi. Nilikutangulia."

Aliniambia alikuja mwaka wa 1968, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Tangu siku hiyo alikuwa Hockley, katika kijikarakana cha vitasa, akisugua shaba. Miaka mitano hakuwa ameshika ubao. Hakuna aliyetaka kuamini kwamba mzee mwenye kilemba ana cheti cha reli. Alinionyesha viganja vyake vilivyoingia weusi wa shaba, akacheka, lakini macho hayakucheka.

Nikamwambia njoo Jumamosi uwanjani, kuna marekebisho ya majira ya baridi, nitakuombea kazi. Chhotubhai akanisifu palepale kwamba nina moyo. Truphosa naye akanisifu. Ngoja niseme kweli: sikumleta kwa wema. Nilitaka anipitishie misumari. Nilitaka nisimame juu ya ngazi, ninyooshe mkono bila kutazama chini, na Harbhajan Singh wa karakana ya reli anitilie msumari kiganjani.

Alinipitishia misumari kwa siku moja na nusu.

Siku ya pili, adhuhuri, meneja wetu Bwana Hodgetts alikuwa akipigana na mlango wa ofisi yake. Mlango ule ulikuwa ukikwama tangu siku niliyoanza kazi, na kila mtu alijua kuusukuma kwa bega. Harbhajan akaenda kwenye gunia lake, akatoa randa, ileile. Akaung'oa mlango, akaupiga mara tatu, akaurudisha. Ukafunga kimya. Hodgetts akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mtu mzima yule na tumbo lake. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiingereza, "Fanuel, huyu ulikuwa umemficha wapi?"

Nami nimeupita mlango ule misimu mitatu. Kwa nini sikuwahi kuupiga randa? Sijui. Hakuna aliyeniambia. Naye hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa Januari serikali ikapunguza umeme kwa sababu ya mgogoro wa makaa ya mawe, na viwanda vikafanya kazi siku tatu kwa wiki. Nikawa na siku nne za kukaa nyumbani nikitazama ukuta. Kona ya kaskazini ya uwanja, kona mbaya kuliko zote, uzio wake ulikuwa umeoza na ulitakiwa kujengwa upya kabla ya msimu. Nilijua kazi hiyo ni yangu. Nilikwisha hata kuchora mchoro. Nikaenda kwa Hodgetts na mchoro wangu mfukoni.

"Nimempa Harbhajan," akasema. "Ana mkono wa dhahabu yule. Wewe utapaka rangi akimaliza. Nyeupe."

Mchoro niliutumia kuwashia moto.

Harbhajan akaacha vitasa akaja kujenga. Uzio wangu wa zamani ulikuwa wa mbao zilizounganishwa kichwa kwa kichwa, na kila mvua ikinyesha zilivimba, zikatoka nje, nami nikakimbia na msumeno. Yeye akasema hapana, atatumia plaiwudi nene na kuzilaza, moja juu ya ncha ya nyingine, maji yasiingie nguzoni. Lilikuwa wazo zuri. Nalisema hilo nimeuma meno.

Siku ya kwanza alisimama katikati ya kona, akalowesha kidole, akakiinua juu.

"Fanuel, hapa mvua natoka wapi?"

"Magharibi," nikamjibu. "Siku zote magharibi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichotaka, akaenda kuanza upande wa mashariki. Hapo mimi nilikuwa bado sina hatia. Aliuliza mvua, nikamjibu mvua.

Nilianza kupaka rangi katikati ya Februari. Harbhajan alikuwa amebakiza plaiwudi mbili tu kati ya ishirini na mbili. Nilianzia mkono wa kulia, kama ninavyoanza siku zote, nikivuta brashi kuelekea kushoto. Ubao wa kwanza, safi. Nilipofika mwisho wa ubao, brashi ikakwama. Nikadhani ni kibanzi. Ubao wa pili, mwisho wake, ikakwama tena, nywele zikapinda. Ubao wa tatu nikaiweka brashi chini, nikapitisha kiganja.

Ncha zote zilikuwa zinatazama mashariki. Nusu inchi ya mbao iliyosimama wazi, mara ishirini.

Ikanichukua muda mfupi tu kuelewa, kwa sababu nami nimekulia Kisumu. Kule ukiezeka nyumba, jambo la kwanza ni kujua mvua inatoka wapi, kisha unayalaza mabati ili kila bati liupe upepo mgongo. Fundi anayesahau hilo huitwa usiku wa mvua ya kwanza akatukanwa na ukoo mzima. Harbhajan alikuwa ameezeka nusu ya nyumba za reli. Akauezeka na uzio. Alikuwa ameupa mgongo upepo wa magharibi, sawasawa kabisa, kazi safi isiyo na kasoro. Isipokuwa kwamba pikipiki kwenye kona ya kaskazini hutoka mashariki. Mpanda pikipiki akianguka pale hatatelezeshwa. Kikanyagio cha pikipiki, au kiatu, au mguu wenyewe, utakutana na ncha ya kwanza na kusimama hapo, na yeye akiwa bado anakwenda.

Hakujua. Angejuaje? Alikuja Novemba, msimu umekwisha. Hakuwa ameona hata mbio moja. Hodgetts alijua kujaza uwanja watu, hakujua mbao. Katika uwanja mzima mtu aliyejua pikipiki zinatoka wapi, na aliyejua mabati yanalazwaje, alikuwa mmoja, naye alikuwa ameshika brashi.

Nilifurahi. Sina neno jingine. Nilihisi joto kifuani kama mtu aliyemeza chai ya tangawizi. Mkono wa dhahabu! Nikasema moyoni: siku ya mazoezi vijana wenyewe wataziona, watapiga kelele, Hodgetts atakuja mbio, na mbele ya watu wote Harbhajan ataambiwa amejenga kinyume. Kwenye mazoezi wanakwenda polepole, hakuna atakayeumia. Na uzio utarudi kwa mwenyewe.

Yule mzee akaja na chupa yake ya chai. Akanimiminia mimi kwanza, akaitazama rangi.

"Mzuri sana," akasema. "Mkono yako natulia sasa. Kisumu ilikuwa natetemeka."

Labda ningemwambia. Nasema labda. Lakini mtu akikusifu kwa kupaka rangi ukutani, wewe uliyeulinda ukuta huo misimu mitatu, ulimi unakuwa mzito. Nikanywa chai yake, nikamshukuru, nikaendelea kupaka. Kwenye ncha nikawa napaka kwa kuvuta brashi upande wa pili, isikwame.

Nyumbani hakukuwa na pumziko. Manjit, mke wa Harbhajan, alimletea Truphosa achari ya maembe kwenye chupa kubwa, na Truphosa akaanza: Mzee Harbhajan hivi, Mzee Harbhajan vile, amemtengenezea jirani ngazi bila kuombwa.

"Mama Charity, hatuwezi kula bila huyo Singh kukaa mezani?"

Akaniangalia, kijiko mkononi. "Wewe una wivu kama mke mwenza. Huyo mzee amekukosea nini? Si ni wewe ulimleta?"

"Ndiyo. Mimi nilimleta."

"Basi be happy for him, haki. Mtu wa nyumbani akiinuka, si wewe pia umeinuka?"

Nikasukuma achari upande wa pili wa meza. Ilikuwa tamu sana, hilo nalo liliniudhi.

Siku ya mazoezi ilifika Machi, Jumamosi moja kabla ya mashindano. Niliamka nimebadilika. Niliota jambo ambalo silikumbuki, lakini niliamka nikijua kwamba nitamwambia. Nitamwita kando, nitamwambia Fundi, njoo uone, tuzigeuze sisi wawili kabla mtu hajajua. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilivuka uwanja, brashi mkononi, kumfuata alipokuwa amesimama kwenye kona na kilemba cha samawati.

Nilimkuta na Nev Tranter. Nev alikuwa mpanda pikipiki wetu mwenyeji, kijana wa miaka ishirini na miwili, siku za kazi hugonga beji za shaba katika karakana moja ya Hockley. Yeye peke yake kati ya wapanda pikipiki wote aliliweza jina langu, na kila Jumamosi baada ya mbio aliniletea chai mwenyewe, pale pale kwenye kona. "Fanuel," angesema, "mimi nina bibi mmoja na uzio mmoja, na wote wawili hunipokea nikianguka." Siku ile alikuwa akiupapasa uzio mpya, kutoka kushoto kwenda kulia, upande ule ambao mkono hauhisi kitu.

"Huu si uzio," akamwambia Harbhajan. "Hii ni piano."

Mpiga picha wa gazeti akaja. Hodgetts akamkumbatia Harbhajan bega, Nev akasimama upande wa pili na helmeti kwapani. Mimi nilikuwa nimefika, nimesimama nao. Yule mpiga picha akainua kichwa kutoka kwenye kamera yake.

"Wewe mwenye brashi," akasema, "sogea kidogo tafadhali, unaingia kwenye picha."

Nikasogea. Nikaendelea kusogea mpaka nikafika langoni, nikapanda basi nikaenda nyumbani.

Kwenye mazoezi hakuna aliyegusa uzio wala aliyeona kitu; Harbhajan mwenyewe, nilisikia baadaye, aliondoka mara baada ya picha, kabla pikipiki hata moja haijawashwa. Wiki nzima nilikuwa na siku saba, na kila siku ilikuwa na saa zake zote. Picha ilitoka Jumatano. Chhotubhai aliibandika dukani, karibu na unga.

Jumamosi ya mashindano ilikuwa mchana wa jua baridi. Uwanja ulijaa. Harbhajan alikuja amevaa tai na koti lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda harusini, akasimama karibu nami kwenye kona, nyuma ya uzio, kuona mbio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nyundo yangu ilikuwa mkononi. Nilijiambia kwamba si kila mbio mtu huanguka, na si kila anayeanguka huanguka kona ya kaskazini.

Mbio ya kwanza. Nev alikuwa amevaa helmeti nyekundu. Utepe wa kuanzia ukaruka, wakaja wanne kwa kishindo, kutoka kushoto kwetu, kutoka mashariki, kifusi kikirushwa mpaka machoni.

Harbhajan hakuruka kama watu wengine. Alisimama tu. Aliwafuata kwa macho, kushoto kwenda kulia, mpaka walipotoka kwenye kona. Kisha akaitazama plaiwudi iliyokuwa mbele yake. Akaweka kiganja juu ya uzio, akakishusha upande wa ndani, akakisogeza.

"Fanuel," akasema kwa sauti ndogo. "Hawa nazunguka hivi siku zote?"

Nikahamishia nyundo mkono wa pili.

"Fanuel! Siku zote?"

"Siku zote."

Mzee yule alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikimbia. Alikimbia kandokando ya uzio kumfuata mtu mwenye bendera nyekundu ya kusimamisha mbio, akipunga mikono miwili, akipiga kelele kwa Kipunjabi, tai ikimpiga usoni, na watu wakamcheka. Mimi niliachwa nimesimama na nyundo. Mzunguko mmoja hauchukui hata nusu dakika. Yeye alijua kwa muda huo tu na tayari alikuwa anakimbia. Mimi nilikuwa nimejua kwa zaidi ya mwezi.

Hakufika. Mzunguko wa pili, Nev na kijana mmoja wa wageni waliingia kwenye kona bega kwa bega, magurudumu yakagusana. Nev akalala chini pamoja na pikipiki yake, vizuri, kama walivyofundishwa, akaja akiteleza kuelekea uzio kwa ubavu. Lilikuwa anguko la kawaida. Nimeona mamia yake. Kwenye uzio wangu wa zamani angeinuka akatukana.

Kikanyagio kikashika ncha ya ubao wa tisa. Pikipiki ikasimama wima ghafla kama mbuzi aliyevutwa kamba, na Nev, ambaye mguu wake ulikuwa kati ya pikipiki na ubao, akaendelea kwenda. Nilisikia. Nilikuwa mita tatu kutoka hapo. Sitaeleza nilichosikia.

Wakamchukua kwa machela. Mbio zikaahirishwa. Hodgetts akaja akiwa amekunja ngumi, uso mwekundu, na Harbhajan akawa amerudi, amepiga magoti mbele ya ubao wa tisa, anaupapasa kama kipofu. Aliinua macho akanitazama, kisha akaitazama rangi nyeupe kwenye ncha, mahali ambapo alama za brashi zilikuwa zimegeuka upande. Fundi husoma alama za mkono wa mtu kama wewe unavyosoma barua. Nilijua palepale kwamba amenisoma.

"Nani?" Hodgetts akapiga kelele. "Nani ameziweka hivi? Hakuna aliyeona? Nina watu wawili hapa, wawili, na hakuna aliyeona?"

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Harbhajan akasimama, akajipangusa magoti.

"Fanuel aliniambia," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Fanuel aliona, akaniambia mbao ziko kinyume. Mimi sikumsikiliza. Mimi nilisema najua zaidi. Kosa ni langu."

Hodgetts akanitazama. Naapa uso wake ulilainika.

"Ulimwambia?"

Nikainamisha kichwa. Mtu angeweza kusema niliitikia.

Harbhajan alifukuzwa kabla Hodgetts hajamaliza sentensi. Aliomba kitu kimoja: apewe Jumapili azigeuze plaiwudi, kwani hawezi kuacha kazi mbaya nyuma yake. Hodgetts akakubali, mradi mimi nisimamie.

Basi Jumapili nikamsimamia. Asubuhi nzima hatukusemezana. Yeye alifungua skrubu, mimi nikabeba, upande wa pili wa ubao, kama zamani. Tulipofika ubao wa tisa mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Fundi, kwa nini ulisema vile?"

Aliendelea kukaza skrubu.

"Ungesema tu ukweli," nikasema. "Si ulijua? Ungewaambia nilijua nikanyamaza."

"Mimi nasema kweli, Hodgetts nafukuza wewe na mimi, wote wawili. Halafu nani naangalia hii fensi? Yeye mwenyewe? Atachukua mtu ya bei rahisi. Vijana nakufa." Akapuliza vumbi kutoka kwenye tundu la skrubu. "Wewe roho yako iko mbaya sana, Fanuel. Mimi hapana jua, miaka yote. Lakini jicho yako iko mzuri. Wewe naona kwa brashi kitu mimi hapana ona kwa macho. Fensi hapana taka roho. Nataka jicho."

"Fundi, mimi..."

"Shika ubao."

Nikashika ubao. Tulimaliza saa tisa. Nilipapasa kona nzima kutoka kulia kwenda kushoto na kiganja hakikukwama mahali popote. Sikuwahi kujenga uzio mzuri kama ule na sitaujenga. Alifunga randa yake kwenye gunia, akachukua chupa yake ya chai ambayo siku hiyo hakuifungua, akatoka langoni bila kuniaga.

Nilitarajia angalau kujisikia mshindi. Uzio ulikuwa wangu. Lakini nilimwangalia mgongo akienda kituo cha basi, na kilichonipanda kilikuwa kilekile, wivu, tena mkubwa kuliko wa siku ya mlango. Hata uongo wake ulikuwa umepigwa randa vizuri kuliko ukweli wangu.

Jumatano nilikwenda hospitali. Truphosa alikuwa zamu, akaja kunipokea mlangoni pa wodi, amenishika mkono mbele ya wenzake, jambo ambalo halifanyi kazini. Hodgetts alikuwa amekwisha kuja na habari ilikuwa imeenea.

"Huyu ndiye mume wangu," akawaambia wauguzi. "Ndiye aliwa-warn."

Nev alikuwa amelala mguu umening'inizwa kwa uzito na kapi. Paja limevunjika mara mbili, na nyonga. Truphosa alikuwa ameniambia nyumbani kwamba mguu utabaki mfupi na kwamba kupanda pikipiki kumekwisha. Nev alikuwa hajaambiwa. Aliponiona alitabasamu, midomo mikavu, akanipa mkono wake.

"Fanuel. Wameniambia ulijaribu. Asante, rafiki."

Nikaushika mkono. "Pona haraka," nikasema.

"Hebu niambie," akasema, akijaribu kuinua kichwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakageuka kusikiliza, maana siku za wodini ni ndefu. "Yule mzee alisemaje ulipomwambia?"

Truphosa alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ananitazama kwa fahari, kama alivyonitazama siku ya harusi yetu. Hapo palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, na sikuhitaji hata kuusukuma kwa bega.

Nikanyoosha kidevu kana kwamba nina ndevu. Nikainua kidole kimoja juu, nikakaza sauti puani, nikasema kwa Kiingereza cha Harbhajan, polepole, neno kwa neno: "Wewe, Fanuel, wewe ni mtu wa brashi. Mimi ni fundi wa reli. Usinifundishe mbao."

Nilimwigiza vizuri mno. Miaka mitano ya kumbebea haikupotea bure. Wodi nzima ikacheka. Nev alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, na mzee wa kitanda cha pili akaniomba nirudie, kwa sababu hakusikia vizuri mwanzo wake.

Nikarudia.